Mashine Isiyochungulia

Nyamizi hakuazima matairi ya jirani kama wafanyavyo wengine siku ya ukaguzi. Alifunga breki mpya, akabadilisha taa, akaiosha vani yake ya mikate mpaka uvunguni, kisha akaipeleka kituoni kifua mbele.

Mashine ya ukaguzi haikuchungulia hata tairi moja. Siku hizi haikagui gari lililo mbele yake. Inatazama tu magari mengine ya umri huo yamekuwa yakifaulu vipi.

"Vani za umri huu hufeli mara nyingi," ilisema kwa upole. "Iache hapa ikayeyushwe."

"Zimefeli hizo nyingine! Hii yangu umeishika saa ngapi?" Nyamizi alifoka. "Wanangu wanakula kwa vani hii. Siiachi ng'o!"

Mashine iliuliza kwa upole uleule, "Mama, na wewe umezaliwa mwaka gani?"

Madereva waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma hatua moja. Nyamizi alipanda, akaubamiza mlango na kuwasha gari.

"Njoo uniangalie kwanza!" alisema, akakanyaga mafuta kuelekea kwenye kizuizi cha lango kilichokwisha kuanza kushuka.