Bado Iko Neno Moja

Célestin alitema udongo, akajaribu kuvuta mguu, ukakataa. Kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa amefunikwa. Nyuma yake, tundu la handaki aliloingilia lilikuwa limezibwa na ukuta mzima wa nyumba yake. Mbele yake kulikuwa na udongo tu, na giza, na hewa kidogo.

"Iko muntu?" aliita.

Ng'ambo ya udongo, sauti ikajibu: "Baba Ange? Uko muzima?"

Alikuwa Bulaimu, jirani yake. Vita vilipokaribia mji wao wa Kindu, wawili hao walichimba handaki moja kutoka ua hadi ua, tundu moja kwa Célestin na jingine kwa Bulaimu, ili familia zote mbili zipate pa kujificha. Kwa bahati, wanawake na watoto walikuwa wamevuka mto tangu jana. Asubuhi hii bomu likaanguka.

"Niko muzima, lakini sitoki," alisema Célestin. "Na weye, Baba Ramla? Umefunikwa?"

Jirani alikohoa kwanza.

"Nimefunikwa."

"Pole, ndugu yangu. Kama ungekuwa inje, ningekuambia ukimbie na wengine."

"Najua."

Célestin alikuwa fundi wa kuziba mipira ya baiskeli karibu na soko, na mbele yake hakuna aliyepona. Ukileta baiskeli, ulihubiriwa Yesu mpaka gundi ikauke, na wateja walinung'unika kwamba gundi ya Célestin ilichelewa kukauka kuliko ya mafundi wote wa Kindu. Bulaimu, muuza chumvi na sabuni, Mwislamu tangu baba na babu, alikuwa mjanja zaidi. Kwa miaka mingi, akimwona jirani anakuja na uso wa kuhubiri, alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaungua jikoni. Hata hivyo walipendana sana, na hilo ndilo lililomuuma Célestin. Alimpenda mtu huyu, wala hakuwa amewahi kumweleza habari za Yesu hata nusu.

Na sasa hakuwa na nguvu ya kueleza. Mguu ulikuwa umeacha kuuma, jambo ambalo si zuri, na usingizi ulimjia mtamu, wa kumwambia aache tu. Alifumba macho.

"Baba Ange! Ile habari yako ya Yesu. Nielezee."

Célestin alidhani amesikia vibaya. "Sasa?"

"Tungojee nini?"

Basi akaanza, tangu Bethlehemu. Upande wa pili alisikia mikwaruzo.

"Unafanya nini?"

"Nakwaruza udongo kidogo, nipate kupumua. Sema kwa nguvu, sikusikii muzuri."

"Utamaliza hewa yako!"

"Weye sema."

Akasema. Koo likakauka, akasema. Mara kwa mara Bulaimu alinyamaza kabisa, na Célestin aliita kwa hofu, akiona roho ya jirani yake inampotea. Kisha sauti ilirudi ikihema.

"Ulikuwa wapi?"

"Niende wapi, Baba Ange? Ulifika kwa yule mwenye kupooza. Endelea."

Bunduki zikalia. Kwa Célestin zilikuwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Bulaimu alinong'ona, "Nyamaza kwanza," wakanyamaza muda mrefu, na usingizi ukakaribia kumchukua tena.

"Baba Ange, usilale! Yule mwizi musalabani aliokoka bila kubatizwa. Namna gani?"

Swali lilikuwa zuri, na Célestin hakuweza kuliacha hivihivi. Alilijibu. Halafu akaona asingoje zaidi, maana hewa ilikuwa inamwishia kifuani.

"Baba Ramla, tunakufa humu. Unamupokea Yesu, ao hapana?"

Mikwaruzo ikasimama.

"Bado iko neno moja sielewi."

Neno lilikuwa juu ya Tomaso. Likaisha, likaja la Petro. Baada ya Petro, Yona na samaki wake. Célestin alikasirika, hata akalia. Kila alipodhani amemfikisha mlangoni, mtu huyu aligeuka na kuuliza lingine. Angekuwa peke yake, angeshalala zamani na kumaliza taabu. Lakini utalalaje, na mwenzako anangoja jibu kabla ya kufa? Aliomba kimoyomoyo: Bwana, nichukue baada yake, usinichukue kabla.

"Unajua nini inanisumbua?" Bulaimu alisema. "Alasiri imepita na sijaswali."

"Umejuaje, na giza yote hii?"

"Muislamu anajua tu."

Célestin alicheka, katikati ya shida ile, mpaka kifua kikamuuma. Kisha akarudi kwa Yona.

Hakumaliza. Bonge la udongo lilianguka, vumbi likamjaa machoni, akayafumba. Vidole vilipapasa uso wake. Vilikuwa vinateleza kwa damu.

"Nyosha mukono."

Bulaimu alimfukua mguu, akamshika makwapani, akamvuta. Maumivu yalirudi yote kwa pamoja. Célestin aliburutwa huku amefumba macho, akijiambia kwamba angalau sasa watafia mahali pamoja, na kwamba bado kuna muda wa kumuuliza tena.

Alipofumbua macho, jua la jioni lilimpiga usoni. Tundu la upande wa Bulaimu lilikuwa wazi kama walivyolichimba, ngazi imeegemea ukingoni, na kando yake kilima cha udongo mbichi kilichomfika mtu kifuani; na katika mtaa mzima, mpaka mtoni, hakuwa amebaki mtu mwingine, hata mbwa walikuwa wamekimbia.