Habari za Mwezi kwa Buya

Tuneya aliukoroga uji wa Kotile kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ni wa kulishia watu, na Kotile kwake hakuwa mtu tena. Unga wa mzizi wa sumu ukazama, ukapotea. Furaha iliyomjaa hakuwahi kuionja hata siku ya arusi yake.

Nduguye Buya alitoweka wakati wa mavuno ya mwaka uliopita. Mtumbwi wake ulikutwa ukielea mtupu mtoni, chini ya kijiji cha Chara, una damu ukingoni. Watu wakasema mamba. Tuneya akasema Kotile. Nani asiyejua kuwa wawili hao waligombea mpaka wa mashamba yao ya mtoni hata wakakunjana mbele ya wazee? Tena Swaleh, mume wa Tuneya, alimwambia faraghani kwamba alfajiri ile alimwona Kotile akiosha panga mtoni. Wazee wangetaka shahidi wa pili, na wa pili hakuwako. Mzizi pia ni Swaleh aliyeutafuta.

"Damu hailipwi kwa maneno, mke wangu," alisema alipomkabidhi.

Basi kila mwezi ukiandama, asubuhi yake jamaa huketi kwenye shamba la Buya, ambalo sasa Swaleh ndiye alilimaye, wakampa marehemu habari za mwezi mzima. Sharti ni moja: habari isiyochekesha haisemwi. Buya alikuwa mcheshi, uso uliokunjwa ulimkera kuliko njaa. Wakizungumza naye huuelekea mto, kwa kuwa ndiko aliko.

"Wenzangu wana makaburi. Wakifika huvua viatu, wakatoa salamu," mamake, Bi Mwanasha, alizoea kusema. "Mimi nina maji tu."

Siku hiyo alianza yeye. Alimwambia mwanawe kwamba beberu wao amekula kofia ya mwalimu wa chuoni, na tangu hapo ana maringo, hata watoto wanamwamkia. Swaleh akafuata, na kwa mzaha Swaleh hana mpinzani. Alieleza jinsi merikebu ya moshi ya Wazungu, ile isiyotaka makasia wala pondo, ilivyokwama mchangani, kijiji kizima kikaitwa kuisukuma, Mzungu mwenyewe kakaa juu kama bibi arusi. Bi Mwanasha alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akalia kweli.

Zamu ikawa ya Kotile. Alikuwa ameitwa eti wapatane, naye akaja na kuku wawili, mpumbavu wa watu. Akaugeukia mto.

"Buya, ule mpaka wetu kiboko kaukalia," alisema. "Mahindi yako kala, yangu kala. Na wewe hupo. Sasa mimi nigombane na nani?"

Bi Mwanasha akamgusa bega. Tuneya alisaga meno, akajiambia muuaji huyu ana uso mkavu, anathubutu hata kuutaja mpaka. Akamsogezea bakuli lake karibu zaidi.

Mama akataka ndizi mbivu za kushushia uji. Swaleh aliinuka mara moja, akaingia shambani, na Tuneya akamsindikiza kwa macho. Alimpenda mno asubuhi ile. Wanawake wangapi wana mume wa kuwabebea kisasi chao?

Shamba lilikuwa kavu, limepaliliwa vizuri, halina tope wala miiba. Swaleh alipofika kando ya mgomba wa pembeni, akayavua makubadhi yake, akayashika mkononi. Midomo ikamchezacheza. Akapita hapo peku, polepole, akiinamisha kichwa, na alipovuka akayavaa tena na kukata chane ya ndizi. Hakutazama nyuma kuona kama yuko anayemwona. Ilikuwa adabu tu, aliyofunzwa tangu utotoni, na mwili wake uliifanya bila kumuuliza.

Tuneya aliutazama ule mgomba, akamtazama mamake aliyeuelekea mto mwaka mzima, na chuki aliyokuwa nayo haikupungua hata chembe.

Swaleh akarudi na ndizi zake, akaketi, akajifuta jasho, akauliza kama uji umekuwa tayari. Kotile alikuwa amekwisha kuinua bakuli, analipuliza lipoe. Tuneya akamshika mkono.

"Ngoja, kaka Kotile," alisema. "Huo ni wa mume wangu."