Zamu ya Ukuta

Serikali ilipiga marufuku majengo yake ya kale kuugua. Unyevu ukipanda ukutani, mtumishi wa zamu huweka viganja kwenye chokaa asubuhi, na kufika adhuhuri ukuta umekauka, unyevu umehamia kifuani mwake. Humtoka baada ya wiki, akipumzika.

Leo ilikuwa zamu ya Mzee Shekue, msimamizi wa boma. Lakini alimwona Mwanahawa, mfagizi, akipita na ndoo.

"Mwanangu, nishikie zamu leo. Mgongo umenikaza."

"Mzee, mimi nimetoka zamu juzi tu," alisema Mwanahawa, huku tayari anaitua ndoo, maana mkubwa akikuomba humkatalii.

Mgongo wa Shekue ulikuwa mzima.

Alasiri wageni waliupapasa ukuta wakausifu. Shekue akapokea pongezi.

Nyumbani, mkewe Bi Nuru alikuwa ameshamchemshia tangawizi, kama afanyavyo kila zamu yake. Akamfunika kanga mabegani.

"Pole, mume wangu. Kifua kinabana?"

Shekue akakohoa kidogo, akanywa.

Mara kikasikika kikohozi kingine, kizito, cha majimaji, kutoka chumba cha jirani, anakoishi Mwanahawa. Nyumba za watumishi hazijafikia umri wa kuhifadhiwa, na ukungu umezipanda hadi darini.

Bi Nuru akainua kichwa. "Nani huyo anakohoa hivyo?"

Shekue akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na hakuthubutu kuacha.