Nati ya Gurudumu la Nyuma

Nati ilikuwa imelegezwa tena.

Fundi alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma la tela, kifuniko kikiwa kiganjani, akaitazama ile nati kama mtu aliyekutana na mwizi aliyevaa shati lake. Jana aliibana mwenyewe mpaka spana ikalia, akaifunga kwa pini. Leo nati imerudi nyuma kidogo, na pini imekunjwa vizuri kuliko alivyoikunja yeye.

"Huyu ana dharau," alijisemea. "Ananihujumu, halafu anamalizia kazi kwa madaha!"

Akaibana upya kwa hasira zake zote.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Safari iliyopita, beringi ya gurudumu hilohilo iliungua njiani, mumewe akalala porini na shehena ya saruji. Aliporudi, mama yake mume, ambaye alikuwa amekuja kusalimia tu lakini kwa begi la kuhamia, alikata hukumu kabla chai haijapoa.

"Beringi ikiungua tena, gereji ifungwe. Mke wa mwanangu atulie ndani kama wake za watu."

Na mume, jitu linaloteremsha tela milimani bila kupepesa jicho, mbele ya mama yake aligeuka kifaranga.

"Mama kanilea peke yake, kwa mikono yake," alijitetea chumbani. "Nitambishia vipi?"

"Mikono ya kazi gani?"

"Kazi tu. Hapendi kuizungumzia."

Gereji ilikuwa ua wao wenyewe, kwa hiyo mama mkwe hakuhitaji kwenda mbali kuikosoa. Aliweka kiti mlangoni, na ulimi wake haukujua likizo. "Bibi Grisi! Mtoto wa kike kunuka kama injini!" Na akimwona mkwewe anasugua mikono kwa sabuni ya unga na sukari, dawa ya mafundi ya kung'oa grisi, basi siku hiyo ameokota la kusema. "Ndiyo maana sukari haikai humu ndani!"

Hilo lilimchoma fundi kuliko yote. Yeye alichota kijiko kimoja kwa siku, lakini kopo lilikuwa linakauka kama lina tundu. Mumewe hagusi vitamu, na mama mwenyewe alishapigwa marufuku na daktari, chai yake kavu. Mwishowe akawatwika lawama sisimizi.

Lakini sisimizi hawashiki spana. Mshukiwa wa nati alikuwa mmoja tu: Kipara, fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyeimezea mate kazi ya lile tela tangu liliponunuliwa.

"Mama, ukikaa hapo mlangoni, humwoni Kipara akiingia?"

"Mimi nilinde magurudumu? Nilikuja kwa mwanangu, sikuja kuomba uaskari."

Siku ya safari, fundi akatega mtego. Alichanganya grisi na rangi ya bluu, ile kali ya kuwekea alama vyuma, akaipaka kuizunguka nati, akafunika. Kisha akatangaza ua mzima usikie: "Naenda dukani kutafuta lainingi za breki! Nitachelewa!"

Hakuchelewa sana. Aliporudi alifungua kifuniko. Nati imerudi nyuma. Grisi ya bluu imevurugwa.

Alivuka barabara kama upepo.

"Kipara! Toka chini ya hilo lori. Lete mikono!"

Kipara alijivuta nje mgongo mgongo, akanyoosha viganja vyote viwili. Vyeusi tii, vya grisi ya miaka. Bluu hakuna hata punje.

"Kulikoni, jirani? Umekuja kuniposa? Mke wangu yuko ndani, tumwombe ruhusa kwanza."

Fundi alirudi mbio uani. Mumewe tayari alikuwa amekaa kwenye usukani, mikono mieupe kama ya karani, injini inanguruma. Akichelewa, mzigo atapewa mwingine. Akiondoka hivyo, beringi itaungua na gereji itakwenda nayo.

"Zima!" fundi alimpigia kelele. "Dakika moja tu!"

Alipiga magoti kwenye gurudumu, akaikamata spana ndefu, akaipachika kwenye nati na kuvuta pumzi ya kuibana mara ya mwisho.

"Mke wa mwanangu!" sauti ilimpata kutoka jikoni. "Kopo la sukari umelificha wapi?"

"La nini tena, mama? Chai yako si kavu?"

"Nani kasema chai?"

Mama mkwe alitokea mlangoni ameinyanyua mikono mbele yake, bluu tupu mpaka kwenye bangili.

"Rangi yako hii haitoki kwa sabuni peke yake. Na hebu weka chini hiyo spana! Nati ya beringi ukishaibana, unairudisha nyuma kidogo gurudumu lipumue, beringi isiungue. Wiki nzima nakuonyesha, huoni?"