Diski ya Mkunga

Sudi fundi kompyuta alikuwa amemwambia Bi Mwashamba, mkunga mstaafu, kwamba diski yake imekufa pamoja na majina ya watoto wote aliowazalisha. Haikufa. Sudi mwenyewe ndiye aliyeondoa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta yake sehemu inayotambua diski za zamani, akidhani hakuna anayezitumia tena.

Leo alikuwa ameirudisha sehemu hiyo, kimya kimya, bibi alipoingia na daftari na bakuli la mihogo.

"Kula, baba. Nayaandika upya kwa kukumbuka, nimefika mia mbili. Nawe nilikuzalisha mimi; mama yako nani vile?"

"Nyamvula." Aliurudisha muhogo bakulini. "Bibi, kosa lilikuwa langu."

Mezani diski ilianza kunguruma. Bi Mwashamba akasikiliza, kalamu ikiwa bado kwenye jina hilo.