Wembe Kwenye Lango la Liki

Damu iliyoganda kwenye komeo la lango la bustani ilimfurahisha Wilf Hepple kuliko kitu chochote alichokiona mwaka ule. Ilikuwa nyingi kuliko alivyotarajia, imeshuka mpaka chini ya nguzo.

"Umeumia, ee?" aliliambia komeo. "Na bado."

Nyuma ya lango, liki zake zote zilikuwa zimekatwakatwa, na udongo umekanyagwa ovyo. Alijua kwa nini: mtu aliyejikata vibaya hurukaruka. Akacheka peke yake.

Katika vijiji vya wachimba makaa ya mawe vya Durham, Uingereza, liki si kitunguu cha kutia kwenye supu tu. Mwenye liki nene kuliko wenzake hutembea kifua mbele mwaka mzima, na mwenye wivu huja na kisu mkesha wa mashindano ya liki ya klabu ya kijiji. Mwaka uliopita walimjia Wilf, akalia kama mtoto. Mwaka huu akatega. Komeo la bustani yake hufunguliwa kwa kulibonyeza kwa kidole gumba, na hapo hapo pa kubonyezwa alichomeka wembe.

Siri hiyo alimwambia mkewe tu, Doreen, jana yake wakila chakula cha mchana.

"Mashindanoni sitatazama liki za mtu," alisema. "Nitatazama vidole. Si unajua tunavyosema hapa, mtu asiyeweza kujificha anajitokeza kama kidole gumba kilichoumia? Kweli kabisa. Kidole hicho hakikunjiki na wenzake. Hata ashike bilauri, kitakuwa kimesimama tu."

"Na ukimwona?"

"Nitamtaja mbele ya klabu nzima. Mkata liki anafukuzwa maisha. Bia hauziwi, salamu hapewi. Siku za mwizi arobaini, mke wangu."

"Unamdhania nani?"

"Norman Stobbs. Nani mwingine?"

Doreen alivua aproni, akachukua kikapu. "Naenda kununua mkate."

"Si upo?"

"Hautatosha."

Aliporudi jioni alimwambia kwamba akina mama wa klabu wamemwomba asaidie kumimina chai siku ya mashindano. Wilf alipiga meza kwa furaha. "Nilikuambia, Doreen. Watu wanasahau."

Kulikuwa na mengi ya kusahau. Norman alikuwa rafiki yake wa chanda na pete hadi ule mwaka wa mgomo, wachimbaji walipokaa nje ya migodi msimu mzima wa baridi na watoto wao wakala viazi vya msaada. Wilf alichoka kabla ya wenzake. Alirudi kazini peke yake, ndani ya basi lenye nyavu za chuma madirishani, majirani wakilitemea mate kila asubuhi. Doreen alikuwa kwenye jiko la akina mama, akiwapikia waliogoma. Siku mumewe alipopanda basi, wenzake walimnyang'anya kisu cha kumenyea viazi, wakamfungulia mlango bila neno. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye ngazi, hakuvua koti hadi giza lilipoingia. Wilf hakuwahi kumwuliza siku ile ilikuwaje.

Mgodi ulikuja kufungwa hata hivyo. Chuki haikufungwa. Mpaka leo Wilf akiingia klabuni, mazungumzo hukatika, na kiti cha jirani yake hubaki kitupu. Kombe la liki alilitaka, lakini kuna kitu alichokitaka zaidi: kijiji kipate mtu mwingine wa kumchukia. Wamtemee mwingine sasa. Yeye amechoka.

Asubuhi hiyo alivaa suti yake ya harusi na mazishi, akaenda klabuni. Doreen alikuwa ametangulia hata kabla yeye hajaamka.

Ukumbi ulikuwa umejaa, unanuka vitunguu na udongo mbichi. Norman alikuwa amesimama kando ya meza ya liki, amempa mgongo, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali. Wilf alimwendea moja kwa moja.

"Norman. Hebu nionyeshe mkono wako."

Norman aligeuka taratibu. Hakuwa amemsemesha tangu mwaka wa mgomo.

"Huu?" akauliza, akautoa mfukoni.

Kidole gumba kilikuwa kimefungwa bendeji nene, damu imeanza kupenya.

"Huyu hapa," Wilf alisema kwa sauti ya kufika hadi nyuma. "Mkata liki ndiye huyu. Mtazameni kidole."

Hakuna aliyemtazama Norman. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

Mwamuzi wa mashindano aliweka chini kipimo chake, akainua mkono. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa. Mlinzi wa mlangoni akainua wake, kidole gumba kimefungwa vilevile. Mjane aliyekuwa akiuza tiketi za bahati nasibu akainua wake. Kisha mikono ikapanda meza baada ya meza, wazee kwa vijana, vidole vyeupe vya bendeji vimesimama kila upande, na Wilf akajikuta ameficha kidole chake kizima ndani ya ngumi.

Alimtafuta mkewe kwa macho, apate angalau mtu mmoja wa kutoka naye.

Doreen alikuwa kwenye meza ya chai. Akina mama walikuwa wamesogea, wakampa nafasi katikati yao. Alikuwa ameshika birika kwa vidole vinne, cha tano kimeviringishwa kitambaa.

"Yule pale," aliwaambia wenzake, "msimpe chai."