Maua ya Mama Ijumaa

Desmond Hartnoll alisimama mlangoni kwa Wilf Garside, mjini Stockport, mkononi ana shada la maua ya kumpa mwanamke asiyemjua jina wala sura. Mvua ilimchapa kiparani. Kofia yake alikuwa ameyafunikia maua.

"Ungemnunulia na pete kabisa," alisema Maureen Tuffnell nyuma yake, akihangaika na mwavuli. "Naona ndoa ya tatu inanukia."

"Cheka tu. Huyu mwanamke ananielewa kuliko wake zangu wote. Wa kwanza alisinzia siku kipindi chetu cha televisheni kilipoanza. Wa pili alikubali kuolewa nami kwa sababu alikuwa hajakiona."

Miaka ya sabini wawili hawa walikuwa hawakosekani katika sebule za Uingereza. Kipindi chao cha vichekesho kilihusu ofisi ya vitu vilivyosahaulika katika stesheni ya treni. Desmond alikuwa Bwana Pym, karani mwenye majivuno, aliyelinda miavuli ya watu kana kwamba ni mali ya Malkia. Maureen alikuwa Olive, mpika chai aliyemshusha kila alipojipandisha. Maureen alikuwa akiinua nyusi tu, ukumbi mzima unavunjika mbavu. Desmond alihitaji ukurasa mzima wa maneno, na mara nyingine suruali imporomoke. Alilijua hilo tangu enzi hizo, na bado lilimuuma.

Ila yeye alikuwa na Mama Ijumaa.

Hilo ndilo jina alilopewa na mashabiki, maana kipindi kilirekodiwa Ijumaa mbele ya watazamaji. Hakuna aliyewahi kumwona. Alisikika tu kwenye televisheni: kicheko chembamba, kinapanda kama filimbi ya birika, halafu kwikwi mbili za kumalizia. Na hakuwahi kumcheka Olive hata siku moja. Alimcheka Bwana Pym, hata pale ambapo watu wengine wote walikuwa kimya wanatazama saa zao.

Sasa mashabiki hao walikuwa wamekodi ukumbi wa kanisa ili Jumamosi wazee hawa waigize tena kipande kimoja. Tiketi zilikuwa zimekwisha. Desmond, themanini na ushee, kifua kimeshapasuliwa na kushonwa, alikuwa na hofu iliyomnyima hata hamu ya kula. Hakuogopa kusahau maneno. Aliogopa kuyasema yote vizuri na asisikie kitu. Basi akatangaza kwamba Mama Ijumaa asipopatikana akaketi mstari wa mbele, yeye jukwaani hapandi.

"Na kama ameshakufa?" Maureen aliuliza.

"Basi nami nizikeni."

Mlango ukafunguliwa. Wilf, aliyekuwa fundi wao wa sauti, aliyatazama maua, akamtazama Maureen, kisha akaenda kuchemsha maji ya chai kabla hajaulizwa lolote.

Waliketi jikoni. Desmond hakugusa biskuti.

"Wilf, ndugu yangu, wewe ndiye uliyening'iniza vinasa sauti juu ya viti vya watazamaji. Lazima ulijua alikuwa anakaa wapi. Nipe jina tu, mengine niachie mimi."

"Des, achana na mambo haya. Nenda Jumamosi, sema maneno yako, rudi nyumbani ukalale."

"Kwa nini? Ana mume?"

Maureen alipaliwa na biskuti.

"Unacheka nini? Kazi yangu yote inamtegemea yeye," Desmond alimwambia. "Kila wakiniita redioni nasema, wenzetu walibandika vicheko vya kopo, vilivyorekodiwa kwingine, vyetu sisi ni maziwa ya ng'ombe, yametoka kukamuliwa. Nikiulizwa ushahidi, namtaja yeye. Bila yeye mimi ni nani? Mzee aliyepiga kelele kando yako kwa miaka mitano!"

"Sita," alisema Maureen, lakini kwa upole.

Wilf alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari.

"Kuna Ijumaa nyingine watu walikuja wameloa, wameshinda kwenye basi tangu asubuhi," alisema. "Hata ungewatekenya wasingecheka. Wakubwa wanataka kicheko, mimi nitakitoa wapi? Na wewe kila tukimaliza unanijia chumba cha mitambo, unataka uwekewe kipindi chote upya."

"Nilikuwa najifunza kazi."

"Ulikuwa unajisikiliza," alisema Maureen.

"Kanda yenye kicheko hicho ninayo," Wilf alisema. "Una hakika unaitaka?"

"Nimekuja na maua, Wilf!"

Wakavuka bustani hadi kwenye kibanda cha mbao, ilikokuwa mashine kuukuu ya kanda. Wilf alipitisha kanda kwenye magurudumu, mikono yake ikikawia kuliko kawaida. Akabonyeza.

Kicheko kikajaa kibanda kizima.

Desmond alifumba macho. Machozi yalimtoka, na hakujali Maureen akiyaona. Alijaribu kucheka pamoja naye, lakini tangu apasuliwe kifua kicheko chake kilikuwa kikohozi tu.

"Ndiye! Msikie, Maureen! Msikie mtu anayejua vichekesho! Wilf, anaitwa nani?"

Wilf hakuizima mashine. Kicheko kikashuka taratibu, zikafuata kwikwi mbili, kisha mtu akapenga kamasi.

"Samahani, Wilf," ikasema kwenye kanda sauti ya Desmond mwenyewe, ya ujanani, bado inahema kwa kucheka. "Nikijisikiliza huwa sijiwezi. Haya niambie, na watu nao wamecheka?"